Re: Vigae kuficha unyevu ukutani, Entebbe

Ndugu, umeuliza kama ubandike vigae mita moja kwenda juu pale rangi inapobanduka na chumvi nyeupe inapotokea. Usibandike. Vigae haviondoi maji. Yakikosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi, na baada ya muda unyevu unaweza kutokea juu ya vigae vyenyewe.

Kwanza tafuta maji yanakotoka. Funga koki zote usiku, soma mita ya maji, usome tena asubuhi. Ikiwa imesogea, kuna bomba linalovuja. Ikiwa haikusogea, toka nje. Udongo unatakiwa kuwa angalau sentimita 15 chini ya karatasi ya nailoni iliyolazwa juu ya msingi kuzuia maji yasipande ukutani. Nyumba nyingi maua na kifusi vimeshaifukia, na hapo karatasi haina kazi tena. Chimbua, kisha mwaga zege kuzunguka nyumba, upana wa sentimita 90, ikiinama sentimita 5 kwa mita kuelekea nje. Weka na gata, maana maji ya bati yakianguka bila gata hurukia ukuta.

Ndipo bandua lipu hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, sugua chumvi kwa brashi kavu (ukiosha, inarudi ndani), uache ukuta ukauke wiki kadhaa. Piga lipu ya saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Fundi atataka saruji nyingi zaidi. Mkatalie, inaziba ukuta kama vigae.