Nikawa ya juu iwe nyepesi: kwa mnaoanza vichwa vya wanasesere

Jumamosi iliyopita mdogo wetu mmoja katika kazi ya wanasesere, mwenye miezi mitatu tu mezani, alichota kijiko cha ziada cha nikawa, gundi yetu, akakimimina kwenye bakuli la uwanuri, rangi nyeupe ya tabaka la mwisho. Nikamuuliza cha nini. Akanijibu kwa uso wa furaha, "Ili ishike zaidi, dada." Nilimdaka mkono kabla brashi haijagusa kichwa, tena kwa nguvu, na nimeshamwomba radhi. Lakini usiku ule usingizi haukuja. Kijiko kile kile, jibu lile lile, meza ile ile ya karakana yetu hapa Iwatsuki, Japani. Miaka sita iliyopita nilifanya hivyo hivyo, na hapakuwa na mtu wa kunidaka.

Mwaka huu tumekuwa Waswahili wanne darasani. Sensei, mwalimu wetu, anafundisha kwa mikono kuliko kwa maneno, na hayo maneno machache ni Kijapani cha haraka. Mengi yanawapita, kama yalivyonipita mimi. Basi shikeni haya.

1. Nikawa hulowekwa, haichemshwi.

Vijiti vyake vilowekeni tangu Ijumaa usiku. Asubuhi chombo kikae ndani ya sufuria ya maji ya moto, nyuzi 60 hivi zinatosha, mkoroge taratibu mpaka viyeyuke. Nikawa ikitokota nguvu yake imekwisha, na ubaya wake ni kwamba siku hiyo hamtaona kitu. Mtaona wiki mbili baadaye. Msiiweke juu ya moto wenyewe, hata "kidogo tu", hata kama treni ilichelewa. Ni gundi ya ngozi za wanyama, kwa hiyo Agosti inavunda kama mchuzi uliosahauliwa. Ikivunda, mwageni. Iliyobaki ikae kwenye friji, na chombo kiandikwe kwa herufi kubwa, maana ikiganda inafanana na jeli. Mtoto wa mwenzetu mmoja, ana miaka minne, alikula vijiko viwili akaja kumlalamikia mama yake kwamba haina sukari.

2. Kitambaa hakivutwi, kinaelekezwa.

Nawaona mnavyoshika chirimeni, hariri ya vikunyanzi, kama watu wanaowamba ngoma. Wadogo zangu, tulieni. Mwili ni toso, unga wa mti wa kiri uliokandwa kwa gundi ya ngano ukakauka. Ni mgumu, hautawazuia mkivuta. Kitambaa ndicho kitakachowalipa. Chirimeni ikivutwa inanyooka, na usiku mkiwa mmelala inarudi hali yake na kujichomoa kwenye mfuo, ule mchirizi uliochanjwa mwilini ambamo ukingo wa nguo huchomekwa. Asubuhi mnakuta kiuno kimefumuka, halafu mnasema kanbaiko, gundi ya unga wa mchele, ilikuwa mbovu. Kanbaiko haina kosa. Ipakeni ndani ya mfuo tu, kidogo, kwa ncha. Ikivuja juu ya hariri doa halitoki. Acheni ukingo wa karibu nusu sentimita, chomekeni kwanza kwa wepesi mzunguko mzima, punguzeni kilichozidi, ndipo msindilie.

Na kola. Mkichora mifuo ya kola wenyewe, upande wa kushoto wa mvaaji ndio unaokaa juu ya ule wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovikwa maiti. Mwezi uliopita mmoja wenu alimaliza mwanasesere mzuri sana, rangi zimekubaliana, mikunjo safi, na kola ni ya maiti. Mwanafunzi wa Kijapani aliyekaa mkabala naye alikuwa akitazama kola ile kwa saa nzima, adabu zikamzuia kusema. Mkiona jirani amekaza macho kwenye kazi yenu hasemi kitu, muulizeni.

Mmoja wenu pia alileta kanga, zawadi ya shangazi yake, akitaka kumvisha mwanasesere. Nilidhani Sensei angekataa. Badala yake aliitandaza mezani akaitazama pindo mpaka mji, akataka nimsomee jina, nikamsomea na kumfasiria, akacheka sana. Tatizo la kanga ni ukubwa wa maua: korosho moja ilimfunika mwanasesere mgongo mzima. Tukakata vitone vidogo vya kwenye pindo, tukabandika karatasi nyembamba kwa nyuma ili nyuzi zisichambuke, tukatengeneza mkanda wa obi. Unapendeza mno. Jina la kanga limebaki zima, limekunjwa kwenye sanduku la Sensei.

3. Vipande havitupwi.

Nimeokota kwenye pipa la taka kipande cha kinrani, kitambaa cha nyuzi za dhahabu, chenye upana wa vidole viwili. Kiganja kizima cha mwanasesere hakifiki hapo! Kazi hii yenyewe, kimekomi, yaani kuchomeka nguo kwenye mifuo, ilizaliwa na mabaki. Ilianza Kyoto, kwenye hekalu la Kamigamo, enzi ya Genbun, kati ya 1736 na 1741. Mtumishi wa hekalu, Takahashi Tadashige, alichukua vipande vya mti wa mwilou vilivyobaki baada ya kutengeneza masanduku ya ibada, akavichonga sanamu ndogo, akachanja mifuo na kuchomeka ndani yake vipande vya nguo. Hakuwa na robota la hariri. Kutoka hapo kazi ikafika Edo, Tokyo ya leo, na mwaka 1978 serikali ya Japani ikaitambua kimekomi ya Edo kuwa sanaa ya jadi. Wanasesere wa Iwatsuki wakafuata 2007. Kila mtu awe na bahasha yake ya vipande, imepangwa kwa rangi.

4. Kila tabaka liwe na nikawa nyepesi kuliko lililo chini yake.

Hapa ndipo nawaomba mkae.

Ilikuwa Januari, mwaka wangu wa pili. Mnajua Januari ilivyo: wanasesere wa Machi 3, sikukuu ya mabinti, ndio wanauzwa, karakana haina anayekaa. Sensei alinipa vichwa sita vya mebina, mwanasesere wa malkia. Jinuri, tabaka la chini, na okiage, kuinua pua na midomo, zilikuwa tayari, kazi ya senpai wetu, mtangulizi wetu kazini, mama wa miaka sabini na kitu ambaye kifundo cha mkono humuuma kila baridi inapoingia. Pua alizijenga tone kwa tone, akazichonga kwa kisu, akapaka nakanuri, tabaka la kati, na kuifuta kwa kitambaa chenye unyevu mpaka mashavu yakawa laini kama ya mtoto mchanga. Wiki tatu za mkono unaouma. Mimi nilibakishiwa uwanuri peke yake.

Sensei aliniambia neno moja, "usuku". Nyepesi. Nikaitikia "hai", yaani ndiyo. Nilielewa kwamba gofuni, ile rangi ya unga mweupe wa makombe, iwe nyepesi, yaani unga upungue. Nikawa sikuipunguza. Niliiongeza.

Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu nimelipata jikoni. Nimekulia Tanga. Kwetu tui jepesi ndilo linalotangulia kupikia, na tui zito, kasimile yenyewe, huja mwisho, na hilo ndilo linalokipa chakula ladha. Mkono wangu ulijua hivyo kabla sijajua kusoma: cha mwisho ndicho kizito. Nikawaza kwamba vichwa hivi vitakwenda majumbani mwa watu, vitafungwa masandukuni na kufunguliwa kila mwaka, mabinti watavishika. Si tabaka la juu ndilo linalohitaji nguvu? Niliiona hoja hiyo haina kasoro, na kwa kuwa niliiona haina kasoro sikumuuliza mtu.

Siku ile vilimeta. Ningekuwa najua, ningeogopa papo hapo, maana gofuni njema haimeti kama sahani. Weupe wake umetulia, kama ganda la yai. Kumeta ni nikawa iliyozidi. Mimi nilipiga picha nikamtumia mama.

Siku ya tatu nilifika wa kwanza nikawasha jiko la mafuta ya taa. Hewa ya Januari hapa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Nilikuwa nakata karatasi za ruwaza nikasikia mlio mdogo, kama mtu amevunja kijiti cha kiberiti. Nikatazama dirishani. Ukalia tena. Nilipogeuka, ufa ulikuwa umeanzia pembeni mwa pua ya kichwa cha kwanza ukapanda mpaka kwenye jicho la kushoto. Cha pili shavu lilikuwa linajikunja kama rangi ya mtumbwi uliokaa juani. Nikazima jiko, nikafungua mlango, kama kwamba hewa ingevirudisha. Kufika adhuhuri vyote sita vilikuwa vimepasuka.

Sababu yake ni hii. Nikawa ikikauka hunywea, na nikawa nzito hunywea kwa nguvu kuliko nyepesi. Ikiwa juu, inalivuta tabaka la chini, nalo haliwezi kushindana nayo, linabanduka pamoja nayo. Kwa hiyo halikuharibika langu tu. Pua za senpai zilitoka na uwanuri yangu, zikaanguka mezani vipande vipande.

Senpai alifika saa saba. Akavua koti, akavitazama kimoja kimoja. Nilitamani anifokee, nilikuwa tayari kabisa kufokewa. Akachemsha maji, akayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, akalowesha kitambaa, akaanza kufuta pua aliyoijenga mwenyewe. Nikachukua kitambaa cha pili nikakaa kando yake. Tulifuta mpaka giza likaingia. Katikati alisita, akakunja na kukunjua kile kifundo cha mkono mara tatu, akaendelea. Nyufa nimezisahau zilivyokaa, ila kukunjua kule naona mpaka leo kila nikishika kijiko cha nikawa.

Usiku kabla ya kuondoka alipanga vibakuli vinne mstarini. Cha kwanza akaweka nikawa ya jinuri, nzito. Cha pili akaongeza kijiko cha maji. Cha tatu viwili. Cha nne vitatu. Akanishika kidole akakitia cha kwanza, akanifanya nikisugue na gumba, kinanata. Akakitia cha nne, karibu ni maji matupu. Halafu akaelekeza kidole juu, kwenye rafu ya vichwa vilivyokamilika.

Kipimo chenu basi ni hiki: pakeni kwanza kwenye kipande cha ubao, kikauke, mkisugue kwa kidole. Ikitoka chenga nyeupe, nikawa ni kidogo. Ikimeta, imezidi. Dakika chache tu, na kichwa cha mtu kimesalimika. Na tabaka likauke kabisa kabla ya lingine. Kichwa kizuri hupakwa mara kumi na zaidi, hamna njia ya mkato.

5. Mekiri, kufungua macho.

Kisu kinolewe siku hiyo hiyo. Jicho la kioo liko chini ya gofuni, mnalijua lilipo kwa kupapasa, mnalifungua kwa mkato mmoja. Mkono ukitetemeka kiwekeni kisu, mkanywe chai. Sensei mwenyewe hunywa. Nilimwona mara moja akiwa amekaa mbele ya kichwa kimoja dakika ishirini nzima, hajagusa kitu, halafu akakifunika kitambaa akaenda nyumbani. Kesho yake alilifungua jicho kwa muda usiozidi wa kupiga chafya. Jizoezeni kwenye vichwa vilivyoharibika, viko vingi kwenye kikapu chini ya meza.

6. Tokeni karakanani.

Makumbusho ya wanasesere hapa Iwatsuki yalifunguliwa 2020, na wengine wenu mnapita karibu nayo kila Jumamosi bila kuingia. Ingieni, na msisome vibao kwanza. Tazameni mashavu, kola, ncha za vidole. Msomeni pia Hori Ryujo, mwanamke aliyezaliwa 1897, aliyetumia kimekomi hii hii mnayoilalamikia, akatangazwa hazina hai ya taifa mwaka 1955 kwa wanasesere wa mavazi.

Na Novemba 3 msikose ibada ya kuwaaga wanasesere kwenye bustani ya ngome. Watu huleta wanasesere waliozeeka au wasio na mtu wa kuwatunza, wakaombewa. Mwaka ule wa vichwa sita nilikwenda na vipande vya pua kwenye leso, nikaona haya kuvitoa. Bibi mmoja nyuma yangu alikuwa na mwanasesere asiye na mkono, akanisukuma polepole kwenye kiwiko nisogee mbele. Nikavitoa.

Vichwa vitano senpai alivijenga upya, nami nikapaka uwanuri ya kibakuli cha nne, viliuzwa Februari. Cha sita mbao za ndani zilikuwa zimeingia maji, Sensei akanipa. Kiko kwenye kopo la biskuti, rafu ya dirishani, upande wa kushoto. Jumamosi nitakishusha, kila mmoja apitishe kidole kwenye ule ufa, kuanzia pua mpaka jicho. Kisha tutachanganya uwanuri pamoja, kwa hiyo nikawa lowekeni Ijumaa kabla ya kulala.