Ukikwama kwenye theluji, usiliache gari

Ndugu yangu, umeuliza kama uondoke usiku huu uitangulie dhoruba ya theluji au usubiri ipite. Kama safari si ya kufa na kupona, subiri. Ikiwahi kuliko ilivyotabiriwa, itakukuta katikati ya njia, gizani.

Ukilazimika kwenda, jaza tangi, beba blanketi, maji, tochi na koleo, na umwambie mtu utapita njia ipi na utafika saa ngapi. Endesha taratibu. Kwenye barafu gari laweza kuhitaji hata mara 10 ya umbali wa kawaida ili lisimame. Madaraja yaogope zaidi, maana upepo huyapoza juu na chini, yakaganda kabla ya barabara nyingine.

Lakini linalonitia hofu kuliko yote ni hili: ukikwama, usitoke kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Theluji ikivuma huoni hata hatua chache mbele, na waokoaji huliona gari upesi kuliko mtu. Kaa ndani. Washa injini kama dakika 10 tu kila saa upate joto, na kabla ya kuwasha, kila mara, shuka ufukue theluji kwenye bomba la moshi, mkono mmoja usibanduke kwenye gari. Bomba likiziba, gesi ya kaboni monoksaidi huingia ndani. Haina rangi wala harufu, na mtu hufa akidhani ni usingizi tu. Kwa hiyo fungua kioo kidogo, upande usiopigwa na upepo.