Mmeuliza hela ya mchango ni ya nini kama NHS, yaani huduma ya afya ya serikali huku Uingereza, ni bure

Baba mdogo shikamoo, na wengine wote kwenye grupu salamu. Swali nimeliona: Uingereza si matibabu bure, sasa huyu na kansa yake wenzake huko wanamchangia hela ya nini? Wala sijakasirika, najua wengi mlikuwa nalo moyoni, ngoja niwajibu bila kuficha.

Ni kweli hospitali hawajanidai hata senti. Upasuaji, kemo, sa hivi mionzi, vyote NHS, na hapa England tangu 2009 mgonjwa wa kansa anapewa cheti cha msamaha hata dawa za kumeza halipii. Kuna nchi ningekuwepo tungeshauza kiwanja, namshukuru Mungu kwa hilo.

Shida ni mshahara jamani. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee na nalipwa kwa saa, nisipoingia shifti hakuna kitu, na ukiwa kwenye kemo huwezi kumnyanyua mzee kitandani, halafu kinga imeshuka daktari hataki hata ukae karibu na mtu anayekohoa. Inabaki ile hela ya ugonjwa ya kisheria anayotoa mwajiri, mwaka 2025 ilikuwa pauni 118.75 kwa wiki, na mwisho ni wiki 28. Yote inaishia kwenye kodi ya chumba na bado haitoshi. Na hapo matumizi ndo yanapanda, hita inawaka kutwa maana mwili unasikia baridi hata jua likiwa kali, siku nyingine miguu haina nguvu ya kusimama kituo cha basi inabidi teksi, na mionzi yenyewe ni Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki baada ya wiki.

Mwenyeji akifika hapo anaomba posho serikalini. Mimi kwa viza yangu ya kazi siruhusiwi, imeandikwa kabisa kwamba sina haki ya fedha za umma, wakati kodi ya mshahara nakatwa kama wao. Kwa kweli hili linaniuma kuliko sindano. Sheria ya usawa ya 2010 inakulinda tangu siku unapewa majibu ya kansa, mwajiri haruhusiwi kukubagua kisa ugonjwa, sawa, ila sheria hailipi kodi ya nyumba.

Kitu kimoja mwambieni yeyote mwenye ndugu huku anaumwa. Washauri wa Macmillan, lile shirika la wagonjwa wa kansa, walinieleza kuna posho inayotokana na michango yako ya bima ya taifa, ile inayokatwa kwenye mshahara, hiyo haihesabiwi kama fedha za umma, kwa hiyo hata sisi wa viza tunaomba kama umechangia vya kutosha miaka ya karibuni. Huipati ukiwa bado unalipwa ile ya mwajiri, ila unaruhusiwa kuomba miezi mitatu kabla haijaisha. Wengi hawajui, wanakaa na njaa ndani kimya kimya.

Kwa hiyo baba mdogo, mchango ni wa kodi ya chumba na umeme. Ile ya kila mwezi mpaka nirudi kazini sitaweza kutuma, ada ya muhula ujao naomba mgawane na dada, mumuombe mwalimu mkuu alipwe kidogo kidogo. Dawa za presha za mama nitalipa mwenyewe kama kawaida.