Menyu zimefichwa, zimefichiwa au zimejificha?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natengeneza hifadhidata kwa Access, programu ya Microsoft, kwa ajili ya duka la vipuri hapa Kariakoo. Wauzaji nataka waone fomu ya mauzo tu. Majedwali na menyu za kubunia fomu wasizione. Kwenye mwongozo niliandika "Menyu zimefichwa kutoka kwa watumiaji wa mwisho". Mwenzangu anataka "zimefichiwa", bosi anataka "zimejificha". Tuandikeje?

JIBU: Marahaba. Hiyo "kutoka kwa" iondoe kwanza, ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Mtu akikuficha jambo husemi "amelificha kutoka kwangu", unasema "amenificha". Kitenzi hiki humchukua mtu moja kwa moja, kwa hiyo "Wauzaji wamefichwa menyu" ni Kiswahili safi, ingawa msomaji anaweza kuhisi kuna haki aliyonyimwa. Ukitaka kuanza na menyu, jihadhari na "na": "Menyu zimefichwa na wauzaji" maana yake wao ndio walioficha! Andika tu "Menyu zimefichwa ili wauzaji wasizione".

"Zimefichiwa" ina utata. Mama akimwambia shoga yake "nifichie hela zangu", anaomba atunziwe. Sasa muuzaji akisoma kwamba amefichiwa menyu, ana haki ya kuuliza atakabidhiwa lini. "Zimejificha" ya bosi tunaisema kila siku, funguo zimejificha kwenye mkoba, lakini hapo hakuna aliyekusudia. Wewe umekusudia.

"Watumiaji wa mwisho" nao ni nani? Kwa masikio yangu ni wale wanaozima taa na kutoka. "Watumiaji" inatosha, na "wauzaji" ni bora zaidi maana unawajua.

Hujauliza, ila naona shida itakapotokea: usije ukaandika "zimefungwa" kwa kudhani ni kitu kilekile. Ukiondoa tiki ya kuonyesha kile kidirisha cha kushoto chenye orodha ya majedwali, umekificha tu. Muuzaji akibonyeza F11 kinarudi, isipokuwa umezima pia vitufe maalumu vya Access. Na akishikilia Shift wakati faili linafunguka, mipangilio yako yote ya kuanzia inarukwa, labda uwe umeizuia njia hiyo kwa sifa iitwayo AllowBypassKey. Hiyo ni kuficha, na neno lake ni "zimefichwa".

Ukiwapa faili la aina ya ACCDE, hapo unaweza kusema "Muundo wa fomu na ripoti umefungwa", kwa sababu kweli haubadilishiki. Majedwali bado yanaweza kubadilishwa, kwa hiyo usiandike "hifadhidata imefungwa". Tena sentensi hiyo ina kasoro nyingine: kwetu duka likifungwa, watu wamekwenda nyumbani. Muuzaji ataelewa kwamba leo mfumo haufanyi kazi. Kama umeweka nywila, sema "imefungwa kwa nywila".

Mwongozo wako basi usomeke hivi: "Ukifungua faili utaona fomu ya mauzo pekee. Majedwali na menyu za kubunia fomu zimefichwa. Ukihitaji marekebisho, mwone msimamizi."

Habari ya F11 na Shift usiiweke humo.