Mwalimu, hii "charge" ina maana ngapi?

SUALI: Asalam aleikum mwalimu. Mie kijana wa Wete ila sasa nipo mapokezi kwenye hoteli moja huku Nungwi. Hili neno "charge" linanitatiza, simu tunachaji, bili ina charge, hospitali kuna inchaji, halafu juzi mgeni kaniambia "charge it to my room" nikabaki namtizama tu. Ni neno moja au mengi?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Ni moja tu, na ukijua lilikotoka hutopata tabu nalo. Waingereza wamelitoa kwa Wafaransa, na Wafaransa kwenye Kilatini, huko lilizaliwa kutokana na jina la gari la kukokotwa na maana yake ilikuwa kupakia mzigo. Yaani pale bandarini Malindi watu wanapopakia jahazi, ndo charge ya asili hiyo, hata "cargo" ni ndugu yake.

Basi simu unaipakia umeme, mteja unampakia malipo, mshtakiwa anapakiwa kosa ndo maana mahakamani kuna "charge sheet", hati ya mashtaka. Na inchaji wa wodi kabebeshwa dhamana. Wewe wa Pemba mchezo wa ng'ombe unaujua, ng'ombe akimvaa mchezaji mbio mbio Mwingereza anasema "the bull charged".

Yule mgeni wako alitaka usimdai pesa pale pale, uandike kwenye hesabu ya chumba chake alipe siku ya kuondoka. Muulize namba ya chumba, mpe karatasi asaini, basi.

Ila hapa nataka uwe makini kweli, maana vijana wetu wengi wanajua neno lenyewe lakini hawaangalii kile kineno kinachofuata. "We will charge you for the towel" unamwambia atalipa pesa ya taulo. Ukiweka "with" pahala pa "for" ushamwambia unamfungulia mashtaka, na mgeni wa watu atashtuka! Na "in charge of" ni yule anaesimamia, lakini "in the charge of" ni anaesimamiwa, mfano mtoto aliewachwa kwa shangazi yake.

Mgeni akikuuliza "is there a charge?" anataka kujua kama kuna kulipa. Kama ni bure mjibu "no, it's free of charge", kama kunalipiwa mtajie bei hapo hapo kabla hajatumia.