Jibu: Deki ya DVD ya kubebeka, inchi 7 au inchi 10?
Salaam ndugu. Umeuliza uchague deki ipi ya DVD ya kubebeka, ya inchi 7 au ya inchi 10, ili watoto watazame katuni garini. Kabla ya kioo, angalia namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo deki husoma diski zake, iliyochapishwa chini ya deki: Tanzania na Kenya zimo kanda 5, Marekani ni kanda 1, na deki niliyoletewa kutoka huko ilikataa diski zangu kadhaa. Kisha nenda dukani na flashi yako mwenyewe uichomeke, kwa sababu deki nyingi husoma faili za video za aina ya AVI lakini hushindwa kufungua video zilizobanwa kwa mfumo mpya zaidi uitwao H.265, hata kama boksi linaahidi kila kitu. Betri ijaribiwe bila waya. Mimi ningechukua ya inchi 7, mradi ina chaja ya gari ya volti 12.