Fundi Anajibu: Memori ya Prosesa Iliyopandishwa Kasi

SWALI: Shikamoo fundi. Nahariri video za harusi hapa Mabatini, Mwanza. Kompyuta yangu ya mezani ina prosesa ya AMD Ryzen 5 5600X, nimeipandisha hadi gigahezi 4.6 viini vyote. Memori ni mbili za GB 8, nataka nifike GB 32. Duka moja la mjini linaniuzia nne za GB 8 zenye kasi ya 4000. Jingine mbili za GB 16, 3600 CL18. Muuzaji wa kwanza anasisitiza namba kubwa ndiyo bora. Nichukue zipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chukua mbili za 3600.

Ndani ya prosesa yako kuna njia ya kupitishia data ambayo AMD wanaiita Infinity Fabric, na inafanya kazi vizuri ikienda sambamba na memori. DDR4, aina ya memori unayotumia, hupitisha data mara mbili kwa kila pigo, kwa hiyo 3600 ni megahezi 1800 halisi. Hapo prosesa nyingi za aina yako hutulia. Ile 4000 inadai 2000, na nyingi haziifikii. Ikishindikana, kidhibiti cha memori kilicho ndani ya prosesa hushushwa hadi nusu ya kasi na ucheleweshaji unapanda. Hela umetoa zaidi, kazi imepungua.

Tena usiangalie kasi ukaiacha CL, yaani idadi ya mapigo ambayo memori husubiri kabla ya kutoa data. Zidisha CL kwa 2000, kisha gawanya kwa namba ya kasi, upate ucheleweshaji. 3600 CL18 ni nanosekunde 10, sawa na 3200 CL16. Ukikuta 3600 CL16 kwa nyongeza ndogo, hiyo ni 8.9, usiiache.

Nne zinakielemea kidhibiti, na prosesa yako tayari umeibana. Zile za zamani ziuze, usizichanganye na mpya. Mpya zichomeke tundu la pili na la nne kutoka kwenye prosesa, halafu uwashe XMP, mpangilio wa kasi uliohifadhiwa kwenye memori yenyewe, kwenye BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya ubao mama. Usipoiwasha, zitaenda 2133 au 2400 tu. Volti itapanda kutoka 1.2 hadi 1.35, usishtuke.

Sasa sikiliza hili, maana ndipo wengi wanapokwama. Kwanza rudisha prosesa kasi ya kiwandani, upime memori peke yake kwa MemTest86, programu ya kupima memori, mizunguko minne. Ikipita bila kosa hata moja, ndipo upandishe prosesa. Ukivipandisha vyote kwa pamoja, ikiganda hutajua mkosaji ni nani, na memori yenye makosa inaweza kuharibu video ya mteja bila kukupa onyo lolote.

Na usipime usiku tu. Kuna mteja wangu wa hukohuko Mabatini, chumba chake cha bati kimebanwa na mawe ya mlimani. Kompyuta yake ilipita kila kipimo usiku kwenye karakana yangu, ikaganda kwake saa nane mchana kwa joto. Yako ipime saa hiyohiyo, humo humo unamofanyia kazi, feni zikiwa zimefutwa vumbi. Ikiganda, shusha prosesa hadi 4.5 kabla hujaigusa memori.